Vivian Fuchs na Swali la Kuhatarisha Roho kwa Ajili ya Elimu

Vivian Ernest Fuchs (1908–1999) alikuwa mwanajiolojia wa Uingereza na kiongozi wa msafara wa kwanza uliovuka bara la Antaktika juu ya barafu yake, kutoka pwani moja hadi nyingine. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1930, alichunguza miamba na maziwa ya Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Maisha yake husimuliwa zaidi kama kisa cha ujasiri, na ujasiri ulikuwapo kweli. Lakini ndani ya kisa hicho mna swali la maadili ambalo Fuchs alilazimika kulijibu kwa vitendo takribani miaka arobaini: kiongozi ana haki gani ya kuziweka roho za wenzake hatarini ili jambo fulani lijulikane?

Alizaliwa tarehe 11 Februari 1908 huko Freshwater, katika Kisiwa cha Wight. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Jena, Ujerumani, na Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka aliwekwa kizuizini kama raia wa taifa adui. Kijana alisoma Cambridge, katika Chuo cha St John's, na mwalimu aliyemlea kimasomo huko alikuwa James Wordie, mwanajiolojia aliyesafiri kwa meli ya Endurance katika msafara wa Ernest Shackleton ulioanza mwaka 1914.

Msafara huo unahitaji kuelezwa, kwa kuwa ndio chimbuko la yote aliyoyafanya Fuchs baadaye. Shackleton alikusudia kuvuka Antaktika kutoka Bahari ya Weddell hadi Bahari ya Ross, akipitia Ncha ya Kusini. Meli yake ilibanwa na barafu, ikavunjika na kuzama mwaka 1915, na habari za jinsi alivyowaokoa watu wote aliokuwa nao zimekuwa mfano wa uongozi duniani kote. Habari hizo, kama zinavyosimuliwa kwa kawaida, ni nusu tu. Upande wa pili wa bara lilikuwako kundi jingine, lililotumwa kuweka ghala za chakula katika njia ambayo Shackleton angeipitia. Walizijaza ghala zile kwa taabu isiyo na kifani, na watatu kati yao wakafa, wakimwekea akiba mtu ambaye wakati huo hata hakuwa amelikanyaga bara lenyewe. Anayetaka kupima uhalali wa safari za namna hii hana budi kuanza na hao watatu, si na wale walionusurika.

Mwaka 1929 Wordie alimchukua Fuchs hadi mashariki mwa Greenland, na huko ndiko alikoonja baridi ya ncha za dunia kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata alielekea kwenye joto. Alijiunga na msafara wa Cambridge uliochunguza maziwa ya Afrika Mashariki mwaka 1930 na 1931, kisha akaandamana na watafiti Louis Leakey na Hans Reck hadi bonde la Olduvai, katika Tanganyika ya wakati huo. Kazi yake ilikuwa kusoma matabaka: kuelewa ni maji, upepo au volkano iliyoweka udongo huu hapa, na kwa mfuatano upi.

Mwaka 1934 akaongoza msafara wake mwenyewe hadi Ziwa Rudolf, ambalo leo ni Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Ziwa hili lina mambo makubwa ya kumfundisha mwanajiolojia. Juu kabisa ya kingo zake za sasa zimo fukwe za kale, zenye makombe na mchanga, zinazoonyesha kwamba maji yaliwahi kuwa juu kwa makumi ya mita. Ndani yake wamo sangara na samaki wengine wa mto Nile, ingawa leo hakuna mto unaoliunganisha ziwa na Nile. Mambo haya mawili yakiwekwa pamoja yanatoa picha ya nchi iliyowahi kuwa na mvua nyingi, na ziwa lililofurika hadi kuufikia mfumo wa Nile. Mtu hawezi kuyathibitisha hayo akiwa Cambridge. Sharti aende, apande, apime.

Ili kuipima sehemu ya kusini ya ziwa, watu wawili wa msafara, mpimaji ardhi Martin na daktari Dyson, walivuka kwa mashua hadi Kisiwa cha Kusini mnamo Julai 1934. Hawakurudi. Ziwa Turkana lina mamba wengi, na pepo zake za kusini mashariki huvuma ghafla na kuinua mawimbi makali. Walitafutwa, hata kwa ndege, na yaliyopatikana ni vitu vichache tu vilivyosombwa na maji. Inadhaniwa mashua yao ilipinduka. Fuchs alikuwa na umri wa miaka 26, na ndiye aliyekuwa kiongozi.

Je, alikuwa na hatia? Jibu la haraka, la pande zote mbili, ni baya. Anayesema ana hatia kwa kuwa watu walikufa anahukumu kwa matokeo, na anayesema hana kwa kuwa kazi ya uchunguzi ni ya hatari daima anafuta wajibu wote. Mwaka 1877 mwanahisabati wa Kiingereza William Clifford alitoa mfano unaosaidia hapa. Mwenye meli ana shaka kwamba meli yake imechakaa, lakini anazizima shaka hizo kwa kujipa moyo, kisha anaipeleka baharini ikiwa imejaa abiria. Meli ikizama, ana hatia. Clifford akaongeza jambo linalowashtua wasomaji hadi leo: hata kama meli ingefika salama, mtu huyo angekuwa na hatia ileile, isipokuwa asingegunduliwa. Haki au kosa la uamuzi hukamilika pale unapofanywa, kutokana na jinsi mtu alivyozipima habari alizokuwa nazo.

Kwa kipimo cha Clifford, kifo cha Martin na Dyson peke yake hakithibitishi kosa. Kinachotakiwa kuulizwa ni mambo mengine: mashua ilifaa kwa ziwa lile? Tabia ya upepo ilijulikana? Wawili wale waliielewa hatari wakaikubali? Kipimo hicho ni kigumu kuliko lawama, maana hakimwachii kiongozi nafasi ya kujificha nyuma ya msiba wala nyuma ya ushindi. Na Fuchs angekuja kupata ushindi mkubwa, ambao nao unapaswa kupitishwa katika chekeche hilohilo.

Alirudi Afrika Mashariki mwaka 1937 na 1938 kuchunguza Ziwa Rukwa, kusini magharibi mwa Tanganyika, baada ya kupata shahada ya uzamivu ya Cambridge. Vita Kuu ya Pili ikamtoa katika uchunguzi. Alitumikia jeshi Afrika Magharibi na baadaye Ulaya. Vita vilipokwisha alikuwa mtu anayekaribia miaka arobaini, mwenye familia, asiye na kazi ya kudumu.

Mwaka 1947 aliteuliwa kuongoza idara ya Uingereza iliyoendesha vituo vya utafiti katika Rasi ya Antaktika, iliyojulikana kwa herufi FIDS. Makao ya Fuchs yakawa Kisiwa cha Stonington. Chini ya uongozi wake misiba ilifuatana na mafanikio. Mnamo Novemba 1948 kibanda cha kituo cha Hope Bay kiliteketea kwa moto, na watu wawili wakafa. Mwaka 1949 barafu ya bahari iliizuia meli isifike Stonington, na watu 11, Fuchs akiwamo, wakalazimika kukaa majira mengine mazima ya baridi hadi walipookolewa mwanzoni mwa 1950. Katika safari ndefu za sleji za kipindi hicho, akiwa amezuiliwa hemani na dhoruba pamoja na mwanajiolojia wa Afrika Kusini Raymond Adie, Fuchs alianza kuipanga upya ndoto ya Shackleton.

Ndoto ikawa Msafara wa Jumuiya ya Madola wa Kuvuka Antaktika, wa 1955 hadi 1958, uliokwenda sambamba na Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia. Fuchs angeanzia Bahari ya Weddell. Edmund Hillary wa New Zealand, aliyekuwa amepanda Everest mwaka 1953 pamoja na Tenzing Norgay, angeanzia Bahari ya Ross na kumwekea ghala za akiba njiani, kama walivyofanya wale waliomtumikia Shackleton.

Mwanzo wake ulikaribia kuwa maangamizi. Mapema mwaka 1956 meli ya Theron ilishusha shehena haraka juu ya barafu ya bahari na kuondoka kabla haijanaswa. Watu wanane waliachwa chini ya Ken Blaiklock wajenge kituo. Kabla hawajamaliza kuisogeza shehena bara, dhoruba iliivunja barafu na kuchukua makaa yote ya mawe, sehemu kubwa ya mafuta na trekta moja. Wanane hao waliishi majira ya baridi ya Antaktika ndani ya sanduku la mbao lililokuwa limebebea gari, na usiku wakilala kwenye mahema. Wote walipona. Hapa ndipo mfano wa Clifford unapouma. Kama dhoruba ingekuja mapema kidogo, jina la Fuchs lingetajwa leo pamoja na viongozi waliowaua watu wao kwa haraka. Uamuzi wa kushusha shehena pale na kuondoka ungebaki uleule.

Safari yenyewe ilianza tarehe 24 Novemba 1957. Walikuwa watu 12, na magari ya kwenda juu ya theluji, mengi ya aina ya Sno-Cat na Weasel. Sehemu ya kwanza ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, kwa kuwa barafu ilikuwa imejaa nyufa za kina kirefu zilizofunikwa kwa theluji laini. Watu walitangulia kwa miguu wakichoma theluji kwa fimbo ndefu ili wajue palipo imara, na hata hivyo magari yalining'inia juu ya mashimo mara kadhaa. Kila baada ya umbali fulani msafara ulisimama, baruti ikalipuliwa ndani ya theluji, na mwangwi uliorudi kutoka kwenye mwamba ukapimwa ili unene wa barafu ujulikane. Kazi hii ndiyo iliyowachelewesha, na ndiyo iliyokuwa sababu ya safari.

Hillary, kwa upande wake, alimaliza kuweka ghala, akaendelea mbele kwa matrekta ya kawaida ya shambani aina ya Ferguson, na kufika Ncha ya Kusini tarehe 4 Januari 1958. Magazeti yaligeuza jambo hilo kuwa mashindano. Fuchs alifika tarehe 19 Januari. Hillary alikuwa amemshauri kwa ujumbe kwamba akifika Nchani asimame, watu watolewe kwa ndege, na safari imaliziwe kiangazi kingine, kwa sababu majira ya baridi yalikuwa yanakaribia. Fuchs alikataa. Akaendelea, na tarehe 2 Machi akawasili kituo cha Scott, kwenye Bahari ya Ross, akiwa amesafiri kilomita 3,473 kwa siku 99. Hakupoteza mtu.

Wengi hulifunga jambo hapo: Fuchs alikuwa sahihi, Hillary alikuwa na wasiwasi kupita kiasi. Hoja hiyo haisimami. Siku chache baada ya kuondoka Nchani, Geoffrey Pratt, mtaalamu wa mitetemo, alizidiwa na sumu ya moshi wa gari lake, na marubani wa Marekani wakalazimika kuidondosha oksijeni kutoka angani. Angeweza kufa. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika juu ya jambo waliloliita bahati ya kimaadili: kwamba tunamsifu au kumlaani mtu kwa mambo ambayo kwa kiasi kikubwa hakuyatawala. Mtu yuleyule, kwa tabia ileile ya kutorudi nyuma, alikuwa kiongozi aliyepoteza wawili Turkana mwaka 1934 na shujaa aliyetunukiwa cheo cha Sir mwaka 1958. Tofauti kati ya miaka hiyo miwili kwa sehemu ilikuwa maandalizi bora. Kwa sehemu ilikuwa hali ya hewa.

Utetezi wenye nguvu zaidi wa uamuzi wa Januari 1958 unatokana na lengo, wala hauhitaji kutaja mwisho mwema. Kama lengo lilikuwa kufika, Nchani palitosha, na tena wengine walikwisha kufika. Lengo la Fuchs lilikuwa mstari mmoja wa vipimo kutoka bahari hadi bahari. Kuukata katikati kungekuwa kuwaingiza watu 12 katika hatari ya nyufa zile za mwanzo kwa nusu ya faida. Alikuwa na ghala za Hillary mbele yake, ndege zilizoweza kumfikia, na mafundi walioyajua magari yao. Hoja ya Hillary nayo ilikuwa ya haki: kiongozi mwema huacha nafasi ya kukosea, na Machi Antaktika haiachi nafasi hiyo. Watu wawili wenye busara walitofautiana juu ya kiasi, si juu ya msingi.

Dini zenye wafuasi wengi Afrika Mashariki zina la kusema juu ya kiasi hicho. Imam Ghazali alitaja mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Nafsi imetangulia akili katika mpangilio huo, kwa hiyo elimu haiwezi kuitafuna roho kama kitu cha bei rahisi. Wakati huohuo mapokeo ya Kiislamu yanampa heshima kubwa anayetoka kwao kwenda kuitafuta elimu. Mambo haya mawili yanapatanishwa na hadithi mashuhuri ya yule aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza, kisha atawakali. Injili nayo inasimulia jinsi Yesu alivyokataa kujirusha kutoka juu ya hekalu, kwa kuwa kumtegemea Mungu si kumjaribu. Aristotle aliyasema yanayokaribiana na haya katika lugha ya falsafa: ujasiri uko katikati, kati ya woga na kutojali hatari, na asiyeogopa kitu chochote si jasiri. Kwa mizani hii, kuchoma theluji kwa fimbo hatua kwa hatua, kazi inayochosha na isiyopigiwa makofi, ndiyo sehemu ya safari iliyokuwa na fadhila zaidi.

Linabaki suala la thamani ya kile kilichopatikana. Vipimo vya mitetemo vilitoa kwa mara ya kwanza sura ya nchi iliyo chini ya barafu katika mstari mmoja unaolivuka bara. Katika Milima ya Theron, iliyoonwa kwa mara ya kwanza na msafara huo, mna matabaka ya makaa ya mawe na visukuku vya mmea wa kale uitwao Glossopteris. Visukuku vilivyokusanywa na msafara vilichambuliwa baadaye na Edna Plumstead wa Afrika Kusini. Mmea huohuo umo katika miamba ya makaa ya mawe ya kusini mwa Tanzania, katika bonde la Ruhuhu, yaliko machimbo ya Mchuchuma na Ngaka. Nchi ile na Antaktika zilikuwa sehemu za bara moja kuu, Gondwana, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Mwaka 1958 wanajiolojia wengi wa kaskazini mwa dunia bado waliikataa dhana ya mabara kuhama, na ushahidi wa namna hii ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowalazimisha kufikiri upya.

Thamani nyingine haikuweza kuonekana na mtu yeyote. Fuchs aliendelea kuiongoza FIDS, iliyogeuzwa jina kuwa British Antarctic Survey mwaka 1962, hadi alipostaafu mwaka 1973. Miongoni mwa vituo vyake ni Halley, ambako ozoni ya angani ilipimwa mwaka baada ya mwaka bila faida yoyote ya dhahiri. Mwaka 1985 mwanasayansi Joe Farman na wenzake wawili walitumia vipimo hivyo kutangaza kwamba tabaka la ozoni juu ya Antaktika lilikuwa limepungua vibaya, na miaka miwili baadaye mataifa yakatia saini Mkataba wa Montreal wa kulilinda. Tukio hili huleta kishawishi cha kusema kwamba basi vifo vyote vimelipiwa. Kituo cha Halley nacho kilikuwa na vifo vyake: Oktoba 1965 watu watatu walikufa trekta lao lilipotumbukia katika ufa. Lakini hakuna aliyejua mwaka 1965 kwamba ozoni ingeleta habari kubwa namna hiyo, na faida isiyojulikana haiwezi kuwa sababu ya uamuzi. Kinachoweza kuwa sababu ni imani kwamba kuifahamu dunia ni jambo jema lenyewe, na imani hiyo inamruhusu mtu kujitolea roho yake mwenyewe. Haimruhusu kujitolea ya mwingine.

Ndiyo maana ridhaa ndiyo kiini cha suala hili, na ndipo rekodi ya Fuchs ilipo na nguvu na udhaifu kwa pamoja. Waliokwenda Antaktika waliomba kwenda, wakijua waendako, na kiongozi alikuwa nao ndani ya magari yaleyale. Afrika Mashariki ya miaka ya 1930 ilikuwa tofauti. Misafara ya wakati huo iliingia kwa ruhusa ya serikali ya kikoloni, si kwa idhini ya Waturkana au Wamasai wenye ardhi, na iliwaajiri Waafrika ambao ridhaa yao ilichanganyika na kodi ya kichwa na haja ya fedha. Majina yao hayamo katika ramani wala katika vichwa vya makala za kisayansi. Hoja ya kwamba kila mtu alijua hatari aliyoikubali haiwezi kutolewa kwa niaba yao bila ushahidi, na wale wanaoiandika historia ya jiolojia ya Bonde la Ufa bado wana deni hilo.

Sharti la mwisho ni kwamba hatari iwe ya lazima. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Cambridge walitengeneza rada inayopima unene wa barafu kutoka kwenye ndege, na kufikia mwishoni mwa muongo huo ilikuwa inarushwa juu ya Antaktika, ikifanya kwa saa chache kazi ambayo msafara wa Fuchs uliifanya kwa wiki nyingi za baruti na nyufa. Jambo hilo haligeuzi uamuzi wa 1957 kuwa kosa, kwa kuwa rada hiyo haikuwapo. Kuanzia siku ilipokuwapo, kiongozi aliyetaka kuwapitisha watu juu ya nyufa kwa ajili ya vipimo hivyohivyo alihitaji sababu ambayo Fuchs hakuhitaji kuitoa.